Vizibo, mifuko ya saruji na dodo: namna navyotengeneza zana za kusoma darasa la kwanza

Mbukwenyi walimu wenzangu, na nyie wazazi mliopeleka watoto darasa la kwanza Januari hii. Nimeulizwa sana kuhusu vile vizibo vyangu vya soda ninavyofundishia kusoma, mmoja anapiga simu, mwingine anatuma sauti wasap dakika nne nzima, najibu kitu kilekile kila siku, sasa nimeamua nikae chini niandike chote mara moja. Nafundisha darasa la kwanza shule moja ya kijijini huku Chamwino, Dodoma, siyo mjini kwenye lami, darasa moja watoto 112, madawati hayatoshi, na tangu elimu bila ada ianze 2016 idadi kama hiyo haimshangazi mtu huku kwetu. Kwa hiyo nikisema zana naongelea zana ya mtu asiye na hela ya kuchezea, ile ambayo chuoni tuliita kufaraguza.

Kabla ya yote niwaambie nilivyokosea, maana ndo kilichonifanya nianze vizibo.

Mwaka wangu wa kwanza nilitengeneza chati ya silabi nzuri mno. Manila nyeupe, maka peni za rangi nne, mistari nimepiga na rula, kuanzia ba be bi bo bu mpaka za ze zi zo zu, nikaibandika ukutani pembeni ya ubao. Mgeni yeyote akiingia darasani anaisifia. Watoto wanaiimba asubuhi, wanaiimba mchana, hata mlinzi wa shule alikuwa anaijua, mi nafurahi kabisa nasema hawa sasa wanasoma. Mwezi wa tano nikamsimamisha mtoto mmoja mbele, nikamwekea fimbo kwenye silabi ya kwanza, akaanza kwa sauti kubwa, ba be bi bo bu, alafu naona uso kaugeuzia dirishani anaangalia mbuzi wanapita, na huku anaendelea vizuri tu, da de di do du, hajakosea hata moja. Nikachukua karatasi nikaitoboa tundu dogo la kutosha silabi moja, nikaiweka juu ya chati, tundu likaangukia "mi". Kimya. Nikasogeza kwenye "do". Kimya. Akaniangalia akaniuliza, "Mwalimu, nianze mwanzo?"

Yaani alikuwa anajua wimbo. Kusoma hajui. Na nilivyowapima wengine siku ile kwa lile tundu, zaidi ya nusu ya darasa walikuwa hivyohivyo. Chati ilikuwa ni ya kwangu, nimeichora mimi, naishika mimi, naielekezea fimbo mimi, mtoto hajawahi kuigusa hata kwa kidole. Toka siku hiyo kwangu mimi zana ambayo mtoto haishiki mkononi akaigeuza akaihamisha ni pambo la ukuta, siikatai, darasa likipendeza ni vizuri, ila sihesabu kama ni zana ya kusomea.

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe. Watu wanakimbilia mkasi na gundi kabla hawajajua wanaanza na herufi gani, matokeo yake unatengeneza silabi zote kwa mpigo. Chukua konsonanti za herufi moja moja, b d f g h j k l m n p r s t v w y z, ni 18, mara irabu 5 unapata kadi 90, na humo wu na yi utazitumia kwa nadra sana. Mtoto wa miaka sita au saba unammwagia 90 mezani wiki ya kwanza, anafanyaje? Anaimba. Ndo maana wanaimba.

Mimi naanza na irabu tano, a e i o u, wiki ya kwanza nzima au zaidi, alafu naongeza m peke yake. M nzuri kwa sababu sauti yake inavutika, unaweza kusema mmmmmm mpaka pumzi iishe alafu ukadondokea a, mmmmma, na mtoto anasikia kabisa vitu viwili vinavyogusana. Tamka sauti, usitaje jina la herufi, ukisema "em" mtoto atasoma "ema" na hatakuwa amekosea, umemkosesha wewe. Kwa herufi sita tu hizo tayari kuna mama, mimi, mume, uma, mia, ua, oa, na umeme. Umeme! U-me-me. Neno la silabi tatu mtoto analisoma mwezi wa kwanza haujaisha, na analijua maana kila siku nyumbani anasikia umeme umekatika.

Herufi ya pili naweka d. Walimu wengine wananishangaa, kwanini d, kwanini siyo b tupate baba na babu na bibi? Sikilizeni. D inatupa dada, dudu, dodo, dume, adui, idadi, na inatupa Dodoma. Do-do-ma, konsonanti mbili tu na zote ameshafundishwa. Mwaka juzi kuna mtoto nitamwita Mika, mpole, haongei, alipanga vizibo vitatu juu ya dawati akawa anavisogelea taratibu na kidole, do... do... ma, akanyamaza, akarudia haraka, alafu akapiga kelele, "Mwalimu, ni mjini! Ni mjini kwa shangazi!" Kwenye ile chati yangu ya manila asingelipata hilo, kule do iko mstari wake na ma iko mstari wake, hazikutani milele.

B naichelewesha makusudi. B na d ni herufi moja imegeuzwa, ukizifundisha wiki zinazofuatana umejitafutia kesi mpaka darasa la tatu, kwa hiyo d ikae kwanza, ishike mizizi, ndo b ije miezi miwili mbele huko. Wenzangu ofisini wananitania eti kwenye darasa langu baba huwa anachelewa kurudi. Sawa, achelewe. Vilevile n isikae karibu na m, na r naipeleka mwishoni mbali na l maana watoto wengi wanazichanganya mdomoni kabla hata hujaandika, mtu anakwambia "narara" akimaanisha analala. Baada ya d mimi huenda l, k, s, t, zilizobaki unaweza kupanga mwenyewe. Kama kitabu mlichopewa shuleni kina mpangilio tofauti ongea na mwalimu mkuu mkubaliane, usianze vita, vizibo vinafuata mpangilio wowote.

Haya, vizibo. Ni vile vya chupa za soda, na vya bia pia ni vizibo, vioshe tu. Mimi nilipitia vibanda vya soda na grosari za kijijini nikawaachia kila mmoja kopo tupu waniwekee, baada ya wiki mbili narudi kukusanya, ingawa ilibidi nimweleze mwalimu mkuu mapema kabla hajasikia kwa watu kwamba mwalimu wa darasa la kwanza anaonekana baa na mfuko. Piga hesabu kabla hujaanza kuokota. Watoto 112 nawagawa makundi ya watoto 8, yanakuwa makundi 14. Kwa hatua ya m na d kila kundi linahitaji irabu 5, silabi za m 5, za d 5, jumla 15. Lakini mama ana ma mbili! Hapa ndo wengi wanasahau, wanatengeneza silabi moja moja alafu mtoto anataka kuandika mama anakwama, anaomba ma kwa kundi la jirani, inakuwa ugomvi. Ongeza ma, mi, me, da, do na du za pili, zinakuwa 21, mara makundi 14 ni vizibo 294. Ni vingi ndio ila usiogope, Jumamosi mbili na watoto wakubwa wa darasa la sita wakikusaidia vimeisha.

Kizibo kina meno 21 pembeni na yanakata. Usimpe mtoto kikiwa hivyohivyo. Weka juu ya jiwe bapa upande wa meno ukiwa juu, gonga na nyundo au jiwe lingine taratibu kuzunguka mpaka meno yalale yote, kiwe kama sarafu, pitisha kidole ukisikia panakwaruza gonga tena. Watoto wetu wanaijua hii kazi kuliko sisi, si ndo wanatengenezea vile vya kuzungusha na uzi. Alafu chukua karatasi nyeupe, chora mduara kwa kuzungushia sarafu, kata, andika silabi, bandika juu ya kizibo na gundi, funika na seloteipu ile inayoona ndani. Nilijaribu kuandika na maka moja kwa moja kwenye ule mpira wa ndani, inapendeza siku mbili tu, jasho la mikono ya watoto likaifuta yote nikabaki na vizibo vitupu 200. Karatasi na seloteipu ndo jibu. Irabu naandika nyekundu na konsonanti nyeusi, kwa hiyo kwenye "ma" m ni nyeusi na a ni nyekundu, mtoto anaona kwamba ile nyekundu ndo inabadilika mdomo ukifunguka. Herufi a andika ile ya mviringo wenye kijimkia kama anavyoandika mtoto kwenye daftari, siyo ile ya kwenye kompyuta yenye kofia juu.

Kama una wasiwasi na chuma, au watoto wako ni wale bado wanaweka vitu mdomoni, tumia vifuniko vya plastiki vya chupa za maji. Kazi ni ileile.

Sasa kosa langu la vizibo, msilirudie. Kizibo ni duara, hakina juu wala chini. Nimegawa siku ya kwanza, mtoto ananisomea kitu sielewi, nasogea kuangalia, kumbe kageuza. U ukiipindua ni n. D ukiipindua ni p. Silabi "pu" ukiigeuza chini juu unasoma "nd", jaribuni kwenye karatasi mtaona. Mtoto hajakosea, amesoma kilichopo mbele yake. Ilibidi nikae jioni na kalamu nyekundu nipige mstari mnene chini ya kila silabi, vizibo vyote, na toka hapo sheria ya kwanza darasani ni "mstari upande wa tumbo lako". Wakikaa nasema tumbo! wao wanageuza vizibo. Tumeelewana.

Pindi ni dakika 30 na kundi ni kubwa kwa hiyo usipoteze muda kwa maneno. Nasema neno, mama, tunalipiga makofi, ma-ma, makofi mawili, kila kundi linatafuta vizibo vyake na kuvipanga, wakimaliza wanaweka mikono kichwani, napita naangalia. Alafu nawaambia ondoa moja weka nyingine. Weka dodo, ondoa do ya mwisho weka ma, tunapata nini? Doma. Ina maana? Haina. Wanacheka. Sasa ongeza do mbele. Hapo darasa zima linapiga kelele. Dakika kumi za mwisho nawaachia wapange wanachotaka, na huko ndo unaona mambo, mtoto anakuja na "didima" anauliza mwalimu hii ni nini, namwambia soma, akisoma sawa nampa tano hata kama neno halipo duniani.

Kabla sijasahau, haya makofi yaanze kabla ya herufi. Watoto wangu wengi nyumbani ni Kigogo, wenzetu wa Kondoa na Chemba wana Kirangi, Kisandawe, Kiburunge, mtoto anafika shuleni Kiswahili chenyewe bado anakisikiliza. Ukimwonyesha kizibo cha neno asilolijua umempa kazi mbili. Wiki mbili za mwanzo ongea, onyesha vitu, piga makofi majina ya watoto wenyewe, Mi-ka, Ta-tu, Da-u-di, nani ana makofi matatu asimame. Haigharimu kitu na inafanya kazi kubwa kuliko manila kumi.

Kadi za picha. Hizi nakata kwenye maboksi, boksi la biskuti au la karatasi za fotokopi, upande picha upande herufi. Kosa ninaloliona kwenye chati nyingi, hata za kununua, ni kuchagua picha kwa herufi ya kwanza bila kusikiliza sauti ya kwanza. M wanachora mbuyu. Huku Dodoma mbuyu ni mti wa kila mtu sawa, lakini sema mbuyu polepole, umesikia ma, me, mi, mo au mu popote? Hamna, ni m-bu-yu. Mtama, mkate, mti nazo vilevile, zote hizo m yake inasimama peke yake haina irabu. N wanachora nyoka au ng'ombe, ile ni ny na ile ni ng', vitu vingine kabisa. Kwa mwanzo chora maji, meza, mahindi. Kwa n chora nanasi. K ni karanga, z ni zabibu, hapo Dodoma tumebarikiwa hatuhitaji zebra wa mtu, t ni tembe kama watoto wako bado wanazijua nyumba za tembe, p ni punda, j ni jembe, d ni debe au hilohilo dodo, l ni lori, y ni yai. Irabu: a alizeti, e embe, i inzi, u ubuyu. O ilinisumbua sana, hakuna kitu cha kuchora, mwisho nikachora mtoto anaoga nikaandika oga na kila nikiionyesha wanajisugua mabega. Inatosha.

Kutojua kuchora kusiwe sababu. Kata picha kwenye magazeti na mabox ya bidhaa, au weka kitu chenyewe, punje za karanga ukibandika kwenye kadi ni karanga tosha, ila ujue zitaliwa.

Kipimo cha ukubwa wa maandishi kwa kadi za kuonyesha darasa zima sihitaji sentimita. Simamisha kadi ubaoni, nenda nyuma kabisa ya darasa, kaa chini sakafuni kama mtoto anavyokaa, angalia. Kama wewe unakunja macho, rudia kuandika.

Kuna moja rahisi wazazi mnaweza kutengeneza nyumbani jioni moja, boksi la dawa ya meno. Toa dawa, kata dirisha dogo la mraba katikati ya boksi, kushoto kwa dirisha andika m. Kata mkanda wa boksi gumu unaopita ndani, juu yake andika irabu zikiwa zimeachana sawa. Mtoto anavuta mkanda, dirishani inatokea a, anasoma ma, anavuta, me, anavuta, mi. Ukichoka na m bandika karatasi ya d juu yake. Mkanda usiandike irabu kwa mpangilio wa a e i o u, zivuruge, o kwanza, alafu a, alafu u, la sivyo umemrudisha kwenye wimbo. Hilo ndo la muhimu kwenye boksi zima.

Nilijaribu pia kamba na vibanio vya nguo, kadi zinaninginia nje chini ya mwarobaini, hewa nzuri, darasa lenyewe limejaa. Ilikuwa mwezi wa nane. Wanaoujua upepo wa Dodoma mwezi wa nane wanajua kilichotokea, kadi zilikimbia mpaka kwenye shamba la jirani na darasa lote likakimbia nyuma ya kadi, pindi likaishia hapo. Kamba itumie ndani, au mwezi wa tatu. Badala yake nimeshona mifuko midogo kwenye salfeti kuukuu, mistari minne ya vifuko, kadi unazichomeka, ukimaliza unaikunja unaiweka kabatini. Mvua ikivuja nayo haina habari.

Vitabu sasa. Mtoto akishafika herufi nne, m d l k, lazima asome kitu chenye habari ndani, asibaki na maneno ya kupanga tu. Chukua mfuko wa saruji, uufungue pale kwenye mshono, una tabaka za karatasi, ya nje ina maandishi na vumbi, ya ndani ni safi kahawia nzuri. Ukung'ute nje mbali na watoto, ufute na kitambaa kibichi, uanike. Kata vipande vya ukubwa wa kama kurasa nne za daftari, kunja katikati, shona mgongo na shazia na uzi uliochomoa kwenye salfeti. Maandishi makubwa, mstari mmoja kila ukurasa, picha juu. Habari waambie watoto watunge wewe uchague maneno yenye silabi walizonazo. Hiki ndo kitabu chetu cha kwanza:

Mama alima.
Kaka alala.
Kuku ala dodo.
Dodo la kaka!
Kaka alia.

Mistari mitano, herufi zote zinatoka kwenye zile nne na irabu, angalieni wenyewe. Kile kitabu kimesomwa mpaka pembe zimeisha. Kuna mabishano kila mara kama kaka alikosea kulala na dodo likiwa wazi au kuku ndo mwizi, na hayo mabishano ndo ufahamu wenyewe, hamna haja ya kutunga maswali matano ubaoni. Ukurasa ulipoisha mtoto mmoja alisema tuongeze "Mama acheka", nikamwambia ch bado haijafika, subiri. Aliniuliza kila wiki ch imefika.

Gundi tunapika. Unga wa muhogo, maji, uji mzito, koroga usiwe na madonge. Inashika vizuri ila panya wanaipenda na mende nao, kwa hiyo kila kilichobandikwa kwa gundi hii kilale kwenye ndoo ya plastiki yenye mfuniko, zile za rangi za lita 20 zinafaa. Mchwa nao usiwasahau, kabati la mbao lisiguse ukuta wala boksi lisikae sakafuni.

Ikifika zamu ya maneno kama mtu, mti, mto, tengeneza vizibo vya m yenyewe bila irabu, na tenga somo zima. Mtoto wa Kigogo anasema "mutu" na anataka kuandika mu-tu kwa sababu kwa lugha ya nyumbani ni munhu, ile u ipo na anaisikia, kwa hiyo usimchape wala usimcheke, weka "mu" na "tu", msome pamoja, alafu ondoa "mu" weka "m", funga mdomo, m-tu. Makofi mawili bado. Mb, nd, nj, ng, ny, sh, ch andika kwenye kizibo kimoja pamoja na irabu yake, mba mbe mbi, usitenganishe m na b kwenye vizibo viwili. Ng' yenye kikoma juu weka pamoja na ng ya kawaida siku moja, ng'oa na ngoma, wasikilize tofauti. Th, dh na gh zije za mwisho kabisa, watoto wengi watasema zahabu na samani, kwa sasa waache wasome kwanza, mdomo utafuata.

Kupima. Usipime kwa maneno uliyofundisha, atakuwa kayakariri. Pima kwa maneno ya uongo, dami, lumo, keda, lidu. Anayesoma hayo anasoma kweli, na anayesema "dami" ni "dada" bado anabahatisha kwa herufi ya kwanza. Nawaita mmoja mmoja wakati wengine wako na vizibo, maneno matano, dakika moja, naweka alama kwenye daftari. Kwa watoto 112 inanichukua wiki mbili, mwezi wa tatu mara moja na mwezi wa sita mara moja. Wanaobaki nyuma nawaweka kundi moja na mtoto mmoja aliyeiva, siyo wote waliobaki nyuma peke yao, hapo watafundishana kubahatisha.

Za kwenye simu sina neno baya nazo, kuna video nzuri za silabi, ila simu moja kwa watoto 112 tunarudi kulekule kwa chati ya ukutani. Mzazi mwenye simu na mtoto mmoja nyumbani, itumie, na umpe na lile boksi la dawa ya meno.

La mwisho ni utunzaji. Kila kundi lina kopo lake lenye namba, vizibo vyao vina namba hiyohiyo nyuma, na kabla hawajatoka kila kundi linahesabu, 21 vipo, kopo linarudi kwenye ndoo. Vitapotea tu. Mwaka wa kwanza wa vizibo niliweka kumbukumbu ya vinavyopotea nikadhani zitakuwa zile za u maana zinafanana na n, kumbe inayopotea kuliko zote ni ma. Nilimkuta nazo mtoto mmoja mbili kwenye mfuko wa kaptula, anasema anampelekea mama yake akamwonyeshe. Sikumnyang'anya. Kwa hiyo ukitengeneza, ma tengeneza 30 za akiba, weka kwenye kopo lako mwenyewe.